Mkono wa Baba kwenye Habu

Mimi ni fundi wa matela hapa Songea, ni mwanamke, na hasira zangu ziko karibu. Nayasema haya mapema ili tusije kulaumiana mbele ya safari. Karakana ilikuwa ya baba. Yeye alianza na mikokoteni ya ng'ombe, akaja kwenye matela ya pawatila, vile vitrekta vidogo vya kuongozwa kwa mikono, na ya trekta, na mimi nilikulia humo, nikitumwa spana kabla sijajua kusoma namba zilizoandikwa kwenye spana zenyewe. Kaka zangu walisoma wakapata kazi za ofisini. Mimi nilibaki kwenye moshi wa kuchomelea, na sikubaki kwa kukosa pa kwenda. Nilibaki kwa sababu nilipenda kumtazama baba akifanya kazi.

Kwa asiyejua, habu ni kile kikombe cha chuma kilichoko katikati ya gurudumu. Ndani yake mna beringi mbili, kubwa kwa nyuma na ndogo kwa mbele, na kikombe chote kinazunguka juu ya ncha ya ekseli. Beringi ikikauka inaungua, na ikiungua gurudumu linaweza kung'oka likaenda zake porini. Kwa hiyo lazima zilainishwe, na hapo ndipo mafundi wanapogawanyika. Wengine wanashindilia grisi. Wengine wanatumia habu iliyofungwa kabisa, wanaijazia oili ya gia, na mbele yake kuna kifuniko chenye kioo cha plastiki. Ukiinama unaona oili imefika wapi na ina rangi gani.

Kwetu ubishi huo haukuwahi kuwapo. Hapa ni grisi. Vumbi la Mpitimbi, tope la Lusewa, magunia ya mahindi yaliyozidi uzito, na mkulima ambaye hataiangalia habu mpaka ipige kelele, grisi inavumilia yote hayo. Baba aliitia kwa mkono. Donge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, beringi kwenye mkono wa kulia, anaikandamiza palepale mpaka grisi itokeze upande wa pili. Akimaliza anakaza nati. Hapo hakuna kipimo cha kusoma popote. Unakaza mpaka gurudumu ligome, unairudisha nati kidogo, kisha unalitikisa gurudumu huku vidole viko kwenye habu, unasikilizia. Mchezo, yaani ule ulegevu, ukizidi gurudumu litayumba, na ikibana sana beringi itaungua. Baba alikuwa anafumba macho akifanya hivyo, na watu walikuwa wananyamaza.

Tulikuwa pia na desturi moja, sijui kama karakana nyingine wanayo. Tela jipya likitoka kwa safari ya kwanza, fundi aliyefunga habu anasafiri nalo. Kila kituo anashuka, anaweka mkono kwenye habu. Ikiwa ya baridi au ya uvuguvugu, safari inaendelea. Ikichoma, safari imekwisha hapo. Na akishagusa yeye, hakuna mwingine anayegusa. Ukigusa nyuma yake, umemwambia mbele za watu kwamba ni mwongo. Nilipokuwa msichana niliwahi kufanya hivyo, kwa utundu tu, na baba hakunisemesha siku mbili. Sikurudia.

Sasa, miaka michache iliyopita alikuja mteja aliyetaka tela la boti. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Boti Songea, ya kuvulia nini, panzi? Lakini mtu yule alikuwa Mnyasa, muuguzi mstaafu kutoka mwambao wa ziwa, na alijua anachokitaka. Kule kwao muuguzi anaitwa daktari, na baba naye alimwita daktari tangu siku ya kwanza. Alikuwa amenunua boti ya faiba iliyotumika, ikapandishwa lori kutoka Dar, ikashushwa uani kwetu juu ya matairi makuukuu. Tulitakiwa tuitengenezee tela hapohapo.

Alitueleza kazi yake kwa upole, kama mtu anayetoa historia ya mgonjwa. Kuna vijiji vya kandokando ya ziwa ambavyo mvua ikiharibu njia, gari halifiki. Mama akishikwa na uchungu vibaya, au mtoto akizidiwa, njia iliyobaki ni maji. Yeye alitaka aivute boti kwa pikapu yake mpaka ufukwe ulio karibu, aishushe, amfuate mgonjwa, arudi naye, apandishe boti, aondoke. Kwa hiyo tela hilo lingekuwa linaingia ziwani na kutoka, wiki hata wiki. Akasema yeye habu hazijui, ila hataki kuachwa njiani akiwa ana mtu anayetapatapa.

Kisha akatoa boksi. Mtoto wake alikuwa amemtumia habu mbili za oili, mpya, zenye vioo, beringi na sili zake zikiwa ndani, na chupa ya oili yake. Zilikuwa nzuri mno. Nilizipakata kama vichanga.

Baba alizitazama kwa mbali, mikono nyuma. Akasema oili ni ya injini. Nilimwona anatafuta ubishi, lakini alipoanza kutoa sababu zake, zilikuwa sababu za fundi. Alisema oili inashikiliwa na sili peke yake, ule mpira wa duara unaokaa nyuma ya habu, na sili hizo hazipatikani Songea wala Mbinga. Ikikatika moja, oili yote inamwagika ndani ya kilomita chache, na habu inabaki tupu kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Grisi hata sili ikichoka, inabaki inang'ang'ania chuma. Na grisi unaipata duka lolote, mpaka vijijini.

Mimi nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa nzito pia. Gurudumu likitembea mbali, habu inapata moto. Ukiitumbukiza kwenye maji ya ziwa ikiwa bado ya moto, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na habu inavuta maji kupitia sili. Kwenye grisi maji hayo hutayaona. Yanajificha mle, beringi inaota kutu kimyakimya, na siku utakayojua ni siku ambayo gurudumu limelala. Kwenye oili maji yanajitangaza. Unainama asubuhi, unaona oili imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa, unamwaga, unatia nyingine, unaendelea na safari. Kwa tela la boti, jibu lilikuwa oili. Nililijua siku ileile.

Nikasema grisi.

Nitaeleza kwa nini, maana hili ndilo linalonila mpaka leo. Baba alikuwa na miaka sabini na kitu. Kuchomelea alikwishaacha kwa sababu ya macho. Kukata vyuma alikwishaacha kwa sababu ya kifua. Kilichobaki chake katika karakana ile ilikuwa kutia grisi na kukaza habu. Watu walikuwa bado wanatoka Namtumbo kumtafuta yeye, wanaingia wanasema shikamoo fundi, wananipita mimi. Ningefunga zile habu za vioo, zinazojazwa kwa chupa na kusomwa kwa macho, mkono wake ungekuwa wa nini? Nilikuwa nachagua kama baba yangu ataendelea kuwa fundi au atakaa nyumbani kusubiri kuletewa uji. Nikachagua abaki fundi. Daktari hakubisha. Boksi lake akaliweka nyuma ya kiti cha pikapu, akasema lisafiri naye tu, halili chakula.

Dalili nilikuwa nimeziona, jamani. Hilo nalo nisilifiche. Baba alikuwa anaepua sufuria jikoni kwa mikono mitupu, na wageni wanamsifu, mzee ana mikono ya chuma. Alikuwa anashika bati lililotoka kukatwa, damu inatoka, mpaka mtu amwambie. Siku moja alitembea kutoka kanisani mpaka nyumbani ndala moja imebaki njiani, akashangaa tulipomcheka. Tulicheka wote, na yeye akacheka. Kwetu sisi mafundi mkono usiosikia maumivu ni sifa, mkono umekomaa kwa kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa natamba nao kwa wateja.

Tulisafiri asubuhi na mapema. Daktari anaendesha, baba mbele, mimi nyuma, na boti juu ya tela letu jipya lenye magurudumu mawili, imefungwa kamba kama ng'ombe wa kuchinjwa. Baba alikuwa amevaa koti lake la misa. Alifurahi sana siku ile, alimtania daktari kwamba Wanyasa wamekula samaki mpaka wamesahau barabara, sasa wanataka kuogelea kwenye lami. Daktari akamjibu kwamba Wangoni wanaogopa maji hata ya kuoga. Nilikuwa nacheka kiti cha nyuma kama mtoto.

Kitai tulisimama. Baba akashuka, akaenda kulia, akaweka kiganja, akaenda kushoto, akaweka kiganja. Akasema baridi zote. Tukaendelea. Mbinga tulikunywa chai na chapati, na baba akagusa tena, akasema ni kama zimetoka mtungini. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kushoto, na pua yangu ikapata harufu. Harufu ya grisi iliyoungua si ya kusahau, mtu akishaisikia mara moja ameijua. Nikajiambia wanachoma takataka. Mkono wangu ulikuwa karibu na ile habu, labda kiasi cha kalamu. Nikaurudisha mfukoni. Alikwishagusa yeye.

Tulipofika pale barabara inapoanza kuteremka kwenda ziwani, daktari alisimama tena kwa kuhofia mlima. Baba akashuka, akagusa, akasema twende. Ule mteremko una kona kali zilizofuatana, huku mlima, huku bonde, na ziwa linaonekana chini mbali sana. Tulikuwa tumeshuka kona tano au sita hivi daktari alipoangalia kioo cha pembeni, akapunguza mwendo polepole, akasogea kando. Nilipogeuka nikaona moshi mweupe unatoka gurudumu la kushoto, na gurudumu lenyewe limeinamia ndani.

Nilishuka mbio nikatafuta mawe ya kuzuia magurudumu. Joto la ile habu lilinipiga usoni nikiwa nimechuchumaa hatua nzima kutoka pale. Rangi yetu ilikuwa imebabuka yote, chuma kimegeuka kibuluu. Nikanyoosha mkono kumzuia daktari asikaribie. Baba akapita nyuma yangu, akainama, akaweka kiganja chote juu ya habu.

Nilisikia ile sauti. Sauti ya nyama ikigusa kikaango. Baba hakukunja hata uso. Alikaa vile mkono uko pale, akafumba macho kama anavyofanya siku zote, akasikilizia. Kisha akanitazama.

"Ina joto kidogo tu, mama," akasema. "Tuipe dakika tano."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nilimvuta mkono kwa nguvu mpaka akayumba, na ngozi nyingine ikabaki kwenye chuma. Alikasirika. Alidhani nimemvunjia heshima mbele ya mteja. Ilibidi nimgeuzie kiganja chake mwenyewe nimwonyeshe, na alipokiona alikitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Daktari hakupiga kelele wala hakuuliza maswali. Alimkalisha baba kwenye ukingo wa barabara, akaleta dumu la maji, akamwagia ule mkono taratibu, muda mrefu, mpaka dumu likaisha. Akautazama na wa pili. Akamvua baba viatu, akatazama miguu. Kisha akachuma bua la nyasi, akamwomba afumbe macho, amwambie kila atakapoguswa kwenye vidole vya ule mkono mzima.

Baba akafumba macho. Daktari akagusa kidole cha kwanza kwa ncha ya lile bua. Akagusa cha pili. Akakandamiza cha tatu mpaka bua likapinda. Akamaliza vitano vyote, akarudi mwanzo akavigusa tena, kisha akaliweka bua chini.

"Anza basi, daktari," baba akasema, macho yake bado yamefumba.

Nilitembea nikaenda mbele ya pikapu nikashika boneti. Sikulia. Nilichokuwa nacho kilikuwa hasira, na iliniwaka mwili mzima. Nilirudi nikamfokea baba yangu, mtu mzima, mwenye kuungua, barabarani. Nilimwambia angetuua. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Mungu anisamehe, kwa sababu kila nililomtupia lilikuwa langu pia, mimi niliyesikia harufu Mbinga nikatia mkono mfukoni.

Daktari aliniacha nimalize. Halafu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba ni sukari, imeshakula mishipa ya hisia, na haikuanza jana. Baba alijua kwamba ana sukari. Dawa alikuwa anakunywa siku anazokumbuka. Nikamuuliza tangu lini vidole havisikii. Alijibu akiwa anatazama bonde.

"Tangu kabla ya msiba wa mama yako. Miguu ndiyo ilianza. Ningekuambia, ungeninyang'anya spana."

Na kweli ningemnyang'anya.

Basi nikaelewa na habu yenyewe. Alikuwa ameikaza kwa vidole visivyosikia. Alisikilizia mchezo wa gurudumu, hakusikia kitu, akadhani habu imetulia, kumbe imebana. Nilipiga jeki, nikangoja chuma kipoe, nikafungua. Beringi ya mbele ilikuwa imeyeyuka kingo, grisi imekuwa masizi. Kulia nako, nilipotikisa, gurudumu lilikuwa gumu kuliko inavyotakiwa. Tungeshuka kona nyingine tano tungeshuka bila tairi, bila boti, na labda bila sisi.

Hatukuwa na beringi ya akiba. Tulikuwa na boksi la daktari.

Nilitoa habu moja ya kioo nikaijaribu kwenye ncha ya ekseli, ikaingia sawasawa. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Nilipoanza kufuta masizi ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya karakana, kwamba nikikuta mchubuko pale sili inapokalia, oili haitafika hata chini ya mlima. Alisema nisiamini macho, nipitishe ukucha. Nilipitisha ukucha kuzunguka chuma mara tatu. Moto ulikuwa umeumiza mbele, kwenye beringi ndogo. Kule nyuma palikuwa laini. Nikamwambia pako safi. Akasema nipitishe tena. Nikapitisha tena.

Nati niliikaza mwenyewe, nikairudisha, nikaweka vidole, nikafumba macho bila kukusudia. Nilisikia ule mchezo mdogo, mdogo mno, wa kutosha. Nikajaza oili, nikaiona inapanda kwenye kioo mpaka kwenye mstari. Gurudumu la kulia nililiachia grisi yake, maana chupa ya oili ilikuwa imekwisha, nikalegeza nati tu. Daktari akasema sasa tela lake lina dini mbili, Mungu alipokee hivyohivyo. Baba alitabasamu kidogo, na mimi nilishukuru sana kwa tabasamu lile.

Tulishuka kama tunabeba mayai. Kila baada ya kona mbili nilishuka nikagusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Mara ya kwanza nilimtazama baba kabla ya kugusa, kwa mazoea. Yeye alikuwa ametazama ziwa. Nikagusa.

Ufukweni watu walikuwa wanasubiri, wanawake wenye ndoo, wavuvi, na katekista aliyekuja kuibariki boti. Walitaka iingie majini mara moja. Nikakataa. Nilisema magurudumu ni ya moto, lazima yapoe, la sivyo yatavuta maji. Wakanitazama wakaona mwanamke mwenye masizi mpaka masikioni, mkali, wakaamua kutobishana. Tulikaa juani karibu saa nzima. Ndipo boti ikaingia, watu wakaimba, na mimi niliingia mpaka kiunoni kutazama kile kioo chini ya maji. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu nikafunga na ile ya pili, na sili nikamwagizia za akiba kutoka Dar. Tangu hapo, mtu akiniuliza, jibu langu ni moja. Tela linaloingia majini, na lina mwenyewe anayeinama kila asubuhi kulitazama, lifungwe oili. Tela la shamba lisilotazamwa na mtu, lifungwe grisi. Ila grisi inataka mkono unaosikia, na baada ya mkono huo habu iguswe na mwingine, aliyegusa kwanza awe baba, awe askofu. Karakanani kwangu sasa tunagusa wote. Imekuwa sheria. Ningeiweka mapema kidogo tu, baba asingekuwa na ule mkono alio nao.

Kidonda kilichukua miezi. Daktari alipanda Songea mara nne kumtazama, akilalamika kila mara kwamba sisi watu wa bara chai yetu ni ya kunawia mikono. Vidole viwili havikunyooka tena. Dawa sasa anakunywa, nampa mwenyewe, nasimama mpaka ameze, na ananikata jicho. Kwa muda wote ule hakukanyaga karakana. Alikuwa anakaa barazani, anasikiliza nyundo zetu kupitia ukuta, na nikirudi jioni ananiuliza nimefanya nini, nami namsimulia kila nati. Nilimwomba aje akae tu, hata kama hafanyi kitu. Akasema fundi hakai karakanani bila kufanya kitu, hiyo ni kazi ya wateja.

Halafu siku moja, Jumatatu, nikamwona amesimama mlangoni na koti lake. Nilimvutia kiti. Alikaa. Akatazama kila kitu, matela mawili, vyuma vipya, zile habu za kioo ambazo wakati huo nilikuwa nimeanza kuagiza mwenyewe. Aliinama akaitazama moja kwa muda mrefu, akachungulia kwenye kioo, akasema kweli inaonekana.

Mchana akaingia mtu wa Mpitimbi, mzee kiasi, na tela la pawatila lililokuwa linalia. Alikuwa hajui lolote lililotupata. Alinipita kama wote wanavyonipita, akaenda mpaka kwenye kiti, akavua kofia. Akasema shikamoo fundi, nimekuletea habu, naomba unitilie grisi kwa mkono wako, hawa wengine wanalipua.

Nilikuwa nimeshika kopo la grisi. Nilitaka niseme kitu, niseme mzee anaumwa, niseme mzee amepumzika leo, chochote. Baba aliitikia marahaba. Aliutoa mkono wake kwenye mfuko wa koti, ule wa vidole vilivyojikunja, akauweka juu ya goti ambapo mtu yule angeuona. Kisha akaninyooshea mwingine.

"Fundi ni huyu," akasema. "Mimi ni baba yake."

Yule mtu akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza, akanisalimia upya. Nikaitikia. Nikachukua spana nikapiga magoti kwenye gurudumu lake, nikakaa nimeinama pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka, ili asinione usoni.